Mama Bado, Aliyempimia Fundi Cherehani Bahari

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, fundi mkuu wetu wa matangi ya maji ya chumvi atavua aproni yake ya mpira na kustaafu. Wateja wachache wanalijua jina lake kamili. Wote wanamjua kama Mama Bado, naye mwenyewe akipokea simu ya dukani husema, "Mama Bado hapa, nikusaidie nini?"

Jina hilo alipewa na wateja waliokasirika. Mtu akishanunua tangi, chumvi, mchanga na mawe, anachotaka ni samaki, tena siku hiyo hiyo, maana watoto wanamsubiri nyumbani. Mama Bado hamuuzii. Maji mapya, hueleza, yanaonekana safi lakini hayana vijidudu vya kumeza uchafu wa samaki. Vijidudu hivyo hukua taratibu ndani ya mawe na mchanga, na samaki akitangulia kufika, huuawa na uchafu wake mwenyewe. Kwa hiyo mteja akiuliza wiki ya kwanza, jibu ni bado. Akiuliza wiki ya tatu, bado. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyepiga simu mara nyingi hadi akaacha kusalimia, alikuwa anauliza tu "Bado?", anajibiwa "Bado," na simu inakatwa. Leo mwalimu huyo ana matumbawe makubwa kuliko sahani, naye huwasimulia wageni wake jinsi alivyokuwa mvumilivu.

Mama Bado alianza hapa kama msafishaji wa vioo, kwa mkataba wa muda. Akahamishiwa kwenye mapipa ya kuchanganyia chumvi, kisha ghalani, kisha akaanza kutumwa majumbani kufunga vyombo. Hapo ndipo alipopata somo ambalo hajawahi kulificha. Tangi la kwanza alilolifunga peke yake lilikuwa katika ofisi ya wakili. Pampu ilikuwa nzuri, mabomba yamenyooka, wakili akapiga picha. Jioni umeme ukakatika. Pampu iliposimama, maji ya tangi la samaki yakarudi kwa bomba hadi tangi dogo la chujio lililo chini yake, likajaa, likafurika, na zulia la wakili likanywa chumvi. Asubuhi Mama Bado alipofika, wakili alimuuliza kama bahari imekuja yenyewe au imeitwa.

Tangu siku hiyo, kabla hajakusanya vifaa vyake katika nyumba yoyote, huchomoa waya wa umeme mbele ya mwenye nyumba, akasimama mikono nyuma, akatazama maji yanashuka hadi wapi. Zoezi hilo sasa ni sheria ya kampuni nzima. Kila anayeajiriwa hufundishwa hilo kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo.

Namna yake ya kuuza vyombo imewashangaza wengi. Mteja akiingia na kuulizia samaki wa rangi, yeye humuuliza sakafu ya nyumbani kwake ni ya nini, dirisha linatazama upande gani, na soketi iko juu kiasi gani. Mumewe hulalamika kwamba mkoba wa mkewe una pimamaji lakini hauna kitana. Pimamaji hiyo imeokoa vioo vingi, kwa sababu tangi likikaa mshazari, uzito wa maji huelemea pembe moja, na pembe hiyo haisamehe. Vilevile ndiye aliyetufundisha kuuacha waya ulegee kwanza chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likiteleza lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Lakini tukiulizana ni kazi gani itakayokumbukwa zaidi, wengi wetu tunataja tangi dogo kuliko yote aliyowahi kufunga, la fundi cherehani wa mtaa wa nyuma.

Mzee huyo alikuwa akishona sare za nusu ya mji. Alipopatwa na presha ya macho, kuona kwake kulianza kufa kutoka pembeni kuja katikati, mpaka akawa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Daktari alimwambia wazi kwamba hata tundu hilo litazibika, na pengine kabla ya mwaka kwisha. Akaacha cherehani. Kila alasiri alivuka barabara akaja kusimama mbele ya dirisha la duka letu, palipokuwa na tangi kubwa la maonyesho, lililokuzwa kwa miaka mingi hadi mawe yake yakafunikwa na matumbawe ya zambarau na kijani. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo na kutulia. Msafishaji wetu alikuwa akiifuta alama ya paji hilo kila jioni, akinung'unika kwamba mzee anatugongea muhuri.

Siku moja pikipiki ikamkosakosa barabarani. Kesho yake binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuja dukani akiwa na picha tele kwenye simu. Alitaka baba yake awe na matumbawe nyumbani, haraka, wakati macho yangali yanaona. Alikuwa amekwisha kuchagua kila kitu: tangi refu la ukuta mzima, taa nyeupe kali, pampu isiyo na sauti. Mama Bado alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Vyombo vizuri hivyo, mwanangu. Sasa twende nikamwone atakayevitazama."

Alipofika nyumbani kwa mzee, kwanza alimwomba mzee akae kwenye kiti chake, ili yeye ajue macho hayo yanafika urefu gani. Halafu yeye na binti wakasaidiana. Binti alijua jinsi hospitali inavyopima upana wa kuona: mgonjwa anatazama mbele, kidole kinaingia kutoka pembeni, naye anasema kinapotokea. Wakafanya hivyo hivyo ukutani, wakitumia futi ya mzee ya kushonea kuweka alama.

"Nimepima watu maisha yangu yote," mzee akasema. "Leo napimwa mimi, tena napimiwa samaki."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. "Shukuru ni samaki. Kwa umri wako wenzako wanapimiwa jeneza."

Mzee alicheka mpaka ikabidi kipimo kianze upya.

Tangi la ukuta mzima lingempotea. Angeona kipande tu na kulazimika kukitafuta kingine kwa kugeuza shingo. Mama Bado akaagiza kwa fundi vioo tangi la mraba, lisilozidi upana wa mabega ya mzee, likae usawa wa macho yake akiwa kitini. Kwa kuwa maji machache hubadilika haraka, joto likipanda kidogo tu au chumvi ikizidi, akaficha tangi la pili kabatini chini yake, kubwa kuliko la juu, ili maji yawe mengi hata kama yanayoonekana ni machache. Hita, chujio na mashine ya povu ya kutolea uchafu vyote akavitia huko chini. Taa kali ingemuumiza mzee, hivyo akachagua ya buluu inayowaka taratibu kama kunavyokucha, maana chini ya buluu matumbawe hung'aa yenyewe.

Pampu isiyo na sauti aliikataa. Alichagua nyingine, na bomba la kushushia maji lenye mnong'ono. Binti alipouliza sababu, Mama Bado akajifanya anatafuta bisibisi.

"Mwache," mzee akasema. "Dada anafikiria mwakani."

Likabaki jambo moja ambalo halina duka, nalo ni muda. Mawe mapya yangehitaji miezi kabla ya kuweza kubeba matumbawe, na miezi ndiyo mzee hakuwa nayo ya kupoteza. Mama Bado, aliyewaambia watu wote wasubiri, safari hii alikuwa na mtu asiyeweza kusubiri, na maji hayajui kumhurumia mtu.

Akaenda kwa meneja kuomba mawe ya dirishani. Mawe yaliyokomaa, yakihamishwa yangali yamelowa na yana joto lake, huhama na vijidudu na matumbawe yake yote, na tangi jipya huanza maisha likiwa zee. Meneja alikataa, na sababu yake ilikuwa ya kweli. Watu huingia humu kwa sababu ya tangi lile.

"Dirisha ndilo duka," alisema.

Mama Bado akamjibu kwamba analijua hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyelikuza, na atalikuza tena. "Mawe yataota, baba. Macho ya mtu hayaoti."

Meneja akatoka nje, akasimama mbele ya dirisha kwa muda, akarudi, akasema achukue nusu, na achague nusu iliyo nzuri. Meneja ameisoma sehemu hii na kuiruhusu ichapwe. Anachoomba tu ni ijulikane kwamba alikataa mara moja.

Siku ya kuhamisha, karibu duka zima lilipanda gari la mizigo. Mawe yalikuwa kwenye mabeseni yaliyofunikwa mablanketi. Mhasibu, aliyejitolea bila kulazimishwa, alipakata jiwe kubwa kuliko yote, na kila breki ilipokanyagwa maji yalimwagikia suruali yake. "Dereva, hii ni bahari, si viazi," alilalamika. Dereva akamjibu kwamba viazi amevibeba miaka mingi na havijawahi kumpigia kelele.

Kufikia mchana mawe yalikuwa yamepangwa, waya ukachomolewa, maji yakashuka na kukoma pale yalipopaswa kukoma. Lakini matumbawe yalikuwa yamejikunja kwa hofu ya safari, yamenyauka kama matambara yaliyokamuliwa. Mke wa mzee aliyatazama, akauliza kwa upole, "Ndiyo haya?" Binti alitoka kwenda uani na hakurudi upesi.

Siku zilizofuata, Mama Bado alipita pale kila asubuhi kabla ya kuja kazini, akapima chumvi, akapima joto, akaondoka bila kuahidi lolote. Hapa dukani aliangusha vitu. Sote tulijua kwamba mawe yakifa, dirisha letu limeharibiwa bure, na mzee atakuwa amemaliza macho yake akitazama takataka. Kisha asubuhi moja simu ikalia, na mke wa mzee akasema maneno matatu tu: "Wifi, njoo. Yamefunguka."

Alienda na aproni mwilini. Waliokuwa naye wanasema mzee alikuwa kitini, hajageuza kichwa huku wala huku, na zambarau yote, na kijani chote, na vidole vyote vinavyopepea majini vilikuwa ndani ya lile tundu lake. Halafu akasema, kama mtu aliyevalishwa koti jipya, "Limenikaa."

Aliliona tangi lake kwa miezi minane. Samaki wawili wa rangi ya chungwa waliongezwa baadaye, kwa wakati wao, na baada ya mzee naye kuambiwa bado mara kadhaa kama mteja mwingine yeyote. Kisha tundu likazibika, kama daktari alivyosema. Tangu hapo mzee hulifuata tangi kwa masikio. Mara mbili amepiga simu kusema maji yamebadili sauti, na mara zote mbili chujio lilikuwa limeziba. Dirisha letu lilibaki na mapengo kwa muda mrefu, na wauzaji walinung'unika, kwa haki. Limejaa tena sasa. Baadhi ya matumbawe yanayolipamba yalikatwa kutoka tangi la mzee na kuletwa hapa kwenye ndoo, zawadi yake kwa duka.

Juzi binti alipokuja kununua chumvi, tulimweleza habari za kustaafu. Siku iliyofuata mzee akapiga simu mwenyewe. Aliuliza nani atakuwa akija kusafisha. Akaambiwa atapangiwa fundi mwingine. Akasema sawa, kusafisha anaweza yeyote. Ila Mama Bado, kila alipomaliza kazi, alikuwa akiketi kando ya kiti chake na kumsimulia kilichomo: lipi limeota kidole kipya, samaki yupi amemfukuza mwenzake, ile zambarau imefika wapi. Na akikuta kitu kimekufa, alisema kimekufa.

"Hiyo sasa," mzee akauliza, "mtampangia nani?"

Kazi hiyo haimo katika majukumu ya idara yoyote. Swali likapelekwa ghalani, ambako Mama Bado alikuwa akikunja mipira ya maji. Hakuinua kichwa.

"Mwambieni ni Alhamisi, kama kawaida," alisema. "Safari hii nitaenda bila ndoo."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, kuanzia meneja hadi mlinzi wa lango, tunamshukuru mumewe kwa kutuazima mkewe miaka yote hii. Na wewe mama yetu, asante kwa maji uliyotufundisha kuyaheshimu na kwa watu uliotufundisha kuwatazama kabla ya kuwauzia kitu. Tunakutakia afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na Alhamisi ndefu.