Karavani Ukingoni mwa Korongo la Hanlon

NOELENE: Haloo, kituo cha Saddlers hapa. Dizeli ipo, skonzi zimeisha, choo ni nje upande wa nyuma. Nani mwenzangu?

MERVYN: ...Noelene?

NOELENE: Nani?

MERVYN: Mimi.

NOELENE: Akina mimi ni wengi.

MERVYN: Mervyn! Mumeo!

NOELENE: Ahaa. Habari za huko, mume.

MERVYN: Mbona wewe ndiye unapokea simu? Nilijua nitampata yule mama mwenye kituo.

NOELENE: Coralie anakaanga chipsi. Mimi nimevaa aproni yake tangu jana. Sema shida yako, kuna foleni kaunta.

MERVYN: Jana? Uliposhuka hapo kwa hasira nilidhani utakaa kwenye benchi la nje unalia.

NOELENE: Benchi amelilalia mbwa. Sema, bwana.

MERVYN: Napiga kwa ile simu ya setilaiti, dakika zenyewe— (mkwaruzo) —unanisikia?

NOELENE: Nakusikia kama uko ndani ya debe.

MERVYN: Nilikuwa nauliza tu. Chumvi iko wapi?

NOELENE: Kabati la juu ya sinki. Haya, kwaheri.

MERVYN: Subiri, subiri! Na pilipili manga?

NOELENE: Imekaa na chumvi, wanapendana. Merv, umepiga setilaiti kuulizia pilipili?

MERVYN: Kwani mtu hawezi kumpigia mke wake? Bado una hasira za juzi tu?

NOELENE: Juzi kulikuwa na nini?

MERVYN: Usianze.

NOELENE: Hapana, nikumbushe, mimi mtu mzima nasahau. Nilikuwa nyuma ya karavani, hiyo nyumba yako ya kukokota, napunga mikono upaki vizuri. Kambi nzima imeshatoa viti vya kukunja na bia zao kututazama, maana huku televisheni hakuna, burudani ni kuwatazama mtu na mkewe wakipaki. Ukatoa kichwa dirishani. Ukasema nini?

MERVYN: Nilikuwa nachangamsha watu.

NOELENE: Sema tu.

MERVYN: (kwa sauti ya chini) Nilisema bora kamera ya nyuma kuliko mke, maana kamera haijibu.

NOELENE: Wakacheka?

MERVYN: Wakacheka.

NOELENE: Basi kaongee na kamera.

MERVYN: Kamera imeng'oka. Ile barabara ina matuta kama mbavu za punda, imeng'oka na taa yake moja. Lakini mimi niko salama kabisa. Mandhari huku ni safi sana, mama. Miamba miekundu, kimya—

NOELENE: Huku wapi?

MERVYN: Hanlon.

NOELENE: Kambi ya chini, kando ya maji?

MERVYN: Juu kidogo.

NOELENE: Juu kidogo wapi? Juu hakuna kambi. Juu kuna ile njia ya ukingoni, nayo ina kibao mwanzoni, karavani marufuku.

MERVYN: Kibao gani?

NOELENE: Cha njano. Kikubwa kama mlango wa choo.

MERVYN: Hakikuwepo.

NOELENE: Darcy wa greda, mchonga barabara, ndiye aliyekichomeka. Yuko hapa mbele yangu anakula pai.

MERVYN: Mwambie kimeanguka.

NOELENE: Anasema jana amekipaka rangi upya.

MERVYN: Basi kimepakwa vibaya. Na hata hivyo, hivi vibao ni vya watu wa kukodi magari, Noel, wale wa mjini. Mimi ni makamu mwenyekiti wa chama cha karavani cha mji wa Ballarat. Karavani yangu ina kibandiko kabisa, "Haikwami popote".

NOELENE: Imekwama?

MERVYN: Imepumzika.

NOELENE: Mbele yako kuna nini, makamu mwenyekiti?

MERVYN: Mbele, njia imeliwa na mvua. Imebaki nusu.

NOELENE: Na nyuma?

MERVYN: Nyuma kuna kona.

NOELENE: Basi rudi rivasi.

MERVYN: Ndicho nilichokuwa nauliza.

NOELENE: Uliuliza chumvi.

MERVYN: Chumvi na rivasi! (mkwaruzo) Wewe nielekeze tu kwa simu. Kama kawaida. Mimi nakwambia ninachokiona, wewe unasema kata huku, kata kule. Dakika tano tu nimetoka.

NOELENE: Injini inawaka?

MERVYN: Nimeshaiwasha.

NOELENE: Usiguse gia. Saitimira ya kushoto, unaona nini?

MERVYN: Mwamba. Mwekundu. Uko umbali wa mkono, una mjusi amekaa juu yake.

NOELENE: Vizuri. Ya kulia?

MERVYN: Kulia kuzuri tu.

NOELENE: Kuzuri ndiyo nini? Tairi la nyuma la karavani, upande wa kulia, liko wapi?

MERVYN: Lipo.

NOELENE: Lipo juu ya nini, Merv?

MERVYN: Juu ya njia. Litakuwa wapi tena, kanisani?

NOELENE: Unaliona?

MERVYN: Kuna vumbi.

NOELENE: Umesimama hapo tangu saa ngapi?

MERVYN: Tangu asubuhi.

NOELENE: Vumbi limeshatua, baba.

(mkwaruzo)

NOELENE: Merv. Hicho kioo cha kulia chenyewe, unakiona?

MERVYN: Usinihoji kama polisi. Nielekeze tu nitoke.

NOELENE: Unakiona?

MERVYN: Nakiona kama kimemwagiwa maziwa.

NOELENE: Tangu lini?

MERVYN: Tangu kabla hatujatoka nyumbani.

NOELENE: Nilijua.

MERVYN: Ulijua nini? Hukujua!

NOELENE: Wiki iliyopita ulisimamisha gari ukakipa lifti kichuguu.

MERVYN: Kilikuwa kimevaa shati!

NOELENE: Vyote vimevaa mashati, Merv, wasafiri wanavivika, ndiyo mchezo wa njia hii! Na wewe ukakiuliza kinakwenda wapi.

MERVYN: (anacheka kidogo, anaacha) Nilikuona umegeuka dirishani. Nilidhani unatazama ndege.

NOELENE: Nilikuwa nauma leso nisicheke.

MERVYN: Kwa nini hukusema?

NOELENE: Wewe je? Mimi nimekusomea kila kibao kutoka kusini mpaka huku. Punguza mwendo. Ng'ombe. Daraja jembamba. Ng'ombe tena. Ulidhani napenda kusoma ng'ombe?

MERVYN: Nilidhani unanikera.

NOELENE: Na hilo pia.

MERVYN: Noel... nikimwambia daktari wataninyang'anya leseni. Unajua mtu asiye na leseni ni nani? Ni mzigo. Anapakiwa tu kama jokofu.

NOELENE: Mimi nimepakiwa miaka arobaini. Bado sijageuka jokofu. Sasa nisikilize. Breki ya mkono.

MERVYN: Nimevuta.

NOELENE: Vuta tena. Zima injini. Shuka.

MERVYN: Haya, nashuka, sijui kwa nini tunapoteza— (mlio wa kitasa)

NOELENE: Mlango gani huo?

MERVYN: Wangu.

NOELENE: Wako ni wa kulia, upande wa korongo, mwanaume! Toa mkono hapo!

(upepo, mkwaruzo)

NOELENE: Merv? Merv!

MERVYN: Nimeutoa.

NOELENE: Hamia kiti changu. Shukia kushoto.

MERVYN: Kushoto kuna mwamba. Tumbo halitapita.

NOELENE: Vuta pumzi, kaza tumbo kama ile siku ya harusi.

MERVYN: (kukwaruza, kuguna) Mjusi amekimbia. Nimepita. Kifungo kimoja kimebaki mlangoni. Nazunguka nyuma... ngoja nigeuze kichwa nitumie hili jicho zima...

NOELENE: Usisogee ukingoni. Simama mbali utazame. Liko wapi tairi?

MERVYN: (hatua juu ya changarawe) Ngoja.

NOELENE: Merv, sema.

MERVYN: Nusu yake iko hewani.

(mkwaruzo)

MERVYN: Noel, ningegusa rivasi kidogo tu. Kabla sijakupigia nilishaingiza gia. Halafu nikasema, hebu niulize chumvi kwanza.

NOELENE: Haya. Haya. Mawe huko si yapo?

MERVYN: Mawe ndiyo yaliyojaa.

NOELENE: Zuia kila tairi unaloweza kulifikia bila kukaribia ukingo. Halafu kaa kivulini, upande wa mwamba, unywe maji. Usiguse kitu. Darcy anamaliza pai, tunakuja na greda iishike karavani kwa mnyororo. Nitairudisha mimi.

MERVYN: Wewe? Wewe hujawahi kurudi rivasi na karavani maisha yako yote!

NOELENE: Karavani sijawahi, hukuniachia hata siku moja. Matrela ya ngano, shambani kwa baba, nilikuwa narudisha mawili yameungana, ghalani, ng'ombe wamejaa njiani, na miguu yangu bado haifiki pedali vizuri.

MERVYN: Hukuwahi kuniambia!

NOELENE: Nilikwambia mwaka tuliooana. Ukasema safi sana, ukachukua funguo.

MERVYN: Noelene.

NOELENE: Nasikia.

MERVYN: Kuhusu juzi. Pale kambini. Mbele za watu. Mimi—

SAUTI YA SIMU: Umebakiwa na dakika moja.

MERVYN: Nyamaza wewe! Noel, nilikuwa nasema, kuhusu juzi—

NOELENE: Utaniambia nikifika. Kwa mdomo, na Darcy akiwepo, awe shahidi. Sasa nijibu moja tu, maana bila jibu hilo sivui hii aproni. Kutoka hapo mpaka nyumbani, nani anaendesha?

MERVYN: Tuongee basi—

NOELENE: Dakika moja, Merv.

MERVYN: Kwenye barabara ya lami je? Lami imenyooka, hata kipofu—

NOELENE: Umejisikia?

(mkwaruzo mrefu)

MERVYN: Wewe. Unaendesha wewe.

NOELENE: Coralie, chukua aproni yako! Darcy, beba hiyo pai, utailia njiani!

MERVYN: Na mimi nikae wapi sasa?

NOELENE: Kushoto. Na huku Kimberley, anayekaa kushoto ndiye anayeshuka kufungua mageti.

MERVYN: Lakini mageti ya huku yanafungwa kwa waya, yananing'inia, yanakukwangua mikono yo—

NOELENE: Mimi yananikwangua tangu tuingie. Vaa glovu, mpenzi.

(Tuu. Tuu. Tuu.)