Shati Kuukuu la Dov: Wasifu wa Sasson Darzi, Siku ya Thelathini

Leo ni siku ya thelathini tangu tumzike ndugu yetu Sasson Darzi, na tumekuja kumwekea jiwe la kaburi. Mimi ni Nazima, dada yake mkubwa. Siku ya maziko sikuweza kusoma hata neno moja. Kuna jambo nililinyamazia asubuhi ile, na aibu yake bado ninayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 katika kambi ya mahema ya Tira, chini ya mlima Karmeli, mtoto wa tatu wa Salim na Latifa, waliokuja kutoka Baghdad na masanduku mawili. Hema lilikuwa linavuja, mama akamkinga mtoto kwa sinia la shaba. Mpaka uzeeni tulimtania kwamba amepikwa kama wali, chini ya mfuniko.

Alisoma shule ya ufundi Haifa, akamaliza mwaka 1974. Baada ya jeshi, mwaka 1978, aliajiriwa bandarini kuwa fundi umeme wa kreni, akadumu huko miaka thelathini na tisa. Wenzake wanamkumbuka kwa mkate wake wa biringanya, mayai na achari ya embe, uliokuwa ukinukia mpaka juu ya kreni.

Mwaka 1989 lifti ya jengo alilokuwa akikaa, mtaa wa Hadar, ilikwama ikiwa na watu sita ndani, mmoja wao Dov Marcovici, mwalimu wa hesabu. Sasson aliifungua kwa bisibisi.

"Mwalimu, imeandikwa watu wanne," akamwambia. "Hesabu unafundisha kweli?"

"Nafundisha," Dov akajibu. "Sijasema wanafaulu."

Mwaka uliofuata walihamia nyumba moja, na hawakuachana tena.

Hapa ndipo wasifu mwingine huwa na aya ya harusi. Kwetu Wayahudi anayeozesha ni rabi, na rabi haozeshi wanaume wawili. Wengine hupanda ndege, wakafunga ndoa ugenini, wakarudi na cheti. Sasson alikataa katakata.

"Dada, mimi si mwizi wa kuku hata nikajifiche kwa watu. Nitafunga ndoa hapa hapa, na mama atoke jikoni na unga mikononi."

Akangoja. Mama alifariki mwaka 2011, yeye bado anangoja. Na siku ya kwanza aliponiambia kwamba anataka kufunga ndoa na Dov, mimi nilimjibu, "Funga mlango kwanza, Tikva atasikia." Tikva ni jirani yangu. Hiyo ndiyo baraka niliyompa ndugu yangu, na siwezi kuirudisha.

Januari 2018 iligundulika ana saratani ya kongosho. Kila Jumanne nilimpelekea supu. Jumanne moja nilimkuta Dov amepiga magoti, miwani puani, anamkata kucha za miguu, polepole, maana Sasson alikuwa na mtekenyo. Mimi nimeolewa miaka arobaini na mmoja, na mume wangu, yule pale, hajui navaa kiatu namba ngapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami cha hawa nilikihukumu miaka yote nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilipoanza kuwatetea, Tikva akaja kuniuliza, "Nazima, tangu lini wewe ukatetea ndoa za wanaume?"

"Tangu kucha," nikamwambia. "Kama ile si ndoa, basi mimi na wewe tumemaliza ujana wetu kuwafulia soksi wapangaji."

Sasson alifariki nyumbani, tarehe 11 Novemba 2019, saa moja asubuhi, Dov akiwa amemshika mkono.

Kesho yake tulizika. Kwa mila yetu mfiwa huchanwa shati, na wafiwa wenyewe wanajulikana: wazazi, watoto, ndugu, na mke au mume. Mwenye akili huvaa shati kuukuu. Ndugu yetu Fuad, ambaye hakukanyaga kwa Sasson tangu 1991, alikuja na jipya. Dov alivaa lile la mistari, shati la kazi la Sasson, kola imelika, na kifungo cha juu alikwisha kukifungua.

Mzee wa chama cha maziko akatoa wembe. "Mke yupo?"

"Hana," akasema Fuad. "Hakuoa."

Mzee akanichana mimi. Akamchana Fuad, aliyemwambia, "Taratibu bwana, ni jipya hili." Kisha akafunga wembe wake. Dov alisimama kola wazi, anangoja. Nilimwona. Sikufungua mdomo. Jioni, nyumbani, nilimwona akikirudisha kile kifungo.

Marehemu ameacha mume, Dov Marcovici, dada, Nazima, kaka, Fuad, na wapwa watano. Mume ametajwa wa kwanza kwa sababu ndiye wa kwanza. Asiyependa akachapishe karatasi yake.

Sasson apumzike, amengoja vya kutosha.

Sheria yetu inaruhusu kuchana mpaka siku ya thelathini, ambayo ndiyo hii. Miaka ishirini na tisa nimekuita Bwana Dov, kama mtu wa benki. Jana nilikuomba uje na lile shati la mistari, na hukuniuliza la nini. Kisu cha mama kimo mkobani mwangu. Nitaanza mimi, utamalizia kwa mkono wako. Njoo hapa mbele, watu wote wakuone. Fungua kifungo, shemeji.