Kaizari Tokinari Aliyekataa Kugonga Muhuri

Marehemu Kaizari mstaafu Tokinari alizaliwa Kyoto, mwezi wa pili, mwaka wa tatu wa enzi ya Eishun, mtoto wa kwanza wa Kaizari Yasumori na Bibi Kiyoko. Mdogo wake, Mwanamfalme Naruhira, ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alisomeshwa kasrini. Zumari ilimshinda kabisa. "Mtukufu, leo hata njiwa wamehama," mwalimu alimwambia, naye akacheka kuliko wote.

Alirithi kiti akiwa kijana, akamwoa Bibi Fusako, wakajaliwa mwana mmoja, Sadahito.

Mtoto hajatimiza mwaka, Jenerali Morikuni, aliyeushika mji kwa jeshi lake, alileta amri ya kumuua Naruhira kwa madai ya uasi. Nyumba ya Naruhira ilikwisha zingirwa. Ulibaki muhuri wa Kaizari tu.

"Mtukufu, mjumbe yuko juu ya farasi, anaisubiri amri," Morikuni alihimiza.

"Niache nibadili nguo kwanza."

Chumbani alimpa mkewe wembe. "Nikiwa mtawa, muhuri wangu haufai kitu."

"Watamkalisha mwanetu kitini! Watatunyang'anya mtoto!"

"Najua, mama Sadahito. Ninyoe."

Bibi Fusako alimkata juu ya sikio, lakini hakuacha. Morikuni aliposukuma mlango, alikuta kipara kinachovuja damu.

"Umefanya nini wewe?" Heshima ilikwisha mtoka.

"Nimestaafu. Tafuta Kaizari mwingine."

Bila amri yenye muhuri, maofisa walikataa kumgusa Naruhira, mwana wa Kaizari Yasumori. Kabla kichanga Sadahito hakijasimikwa kitini, watawa wa mlimani walikuwa wamemchukua Naruhira na kumficha.

Marehemu na mkewe walihamia kijiji cha Ohara, wakalima figili na kuzitia chumvini. "Babu mtawa, chumvi umezidisha tena!" majirani walimfokea. "Ongezeni wali basi," alijibu. Mwanawe hakuruhusiwa kumwona.

Majira haya ya baridi kifua kilimbana. Kaizari Sadahito alitoka kasrini bila ruhusa ya mtu, akaja kuketi kando ya mkeka wake.

"Baba, ulimchagua baba mdogo, mimi ukaniacha."

"Ndiyo, mwanangu."

Hakujitetea. Kaizari alisogea karibu. Kisha akachukua bakuli la uji, akamlisha mpaka ukaisha.

Alifariki asubuhi ya tarehe tisa, mwezi wa kwanza. Ameacha mjane, Bibi Fusako, mdogo wake Naruhira pamoja na familia ya Naruhira, wajukuu watatu, na mwana mmoja, Kaizari Sadahito, ambaye mila inamkataza kukaribia maiti, na ambaye amekaa hapa mbele yetu.

Alale kwa amani, kaka yetu.