Jua la Kongo Halina Kibali

Benchi la Gorret liko Bwera, upande wa Uganda, kwenye kivuli cha ghala lililofungwa, mahali ambapo ukipiga chafya unaombewa heri na watu wa Kongo. Yeye anauza kahawa. Wanaoinywa kuanzia saa nane mchana ni walewale. Kuna Nasani, tunayemwita Afande: alitoka jeshini zamani, jeshi halijatoka kwake. Kuna Sosthène wa Butembo, kule Kongo, muuza vitenge, tunayemwita Depite, yaani mbunge, kwa sababu haongei, anahutubia. Kuna Bright wa bodaboda, jina la kijiweni Gugo, maana kila jambo analo kwenye simu. Mimi wananiita Digrii. Si sifa. Mchana ule wa Julai, upepo mkavu umenipasua midomo, nilifika na shida ya kweli. Mama yangu, Kabugho, alikuwa anatoka hospitali jioni hiyo baada ya kupasuliwa jicho, na daktari alikuwa amesema asikae penye mwanga mkali wala hewa kavu yenye vumbi. Nyumba niliyomjengea ina vyote hivyo kwa wingi. Na mama alishasema: kwako kukiwa moto, nakwenda kukaa kwa kaka yangu, kule milimani Bugoye, moja kwa moja.

— Digrii, toa ripoti, Afande alisema. Adui anaingilia wapi?

— Dirishani. Chumba cha mama ni kioo kitupu, kutoka sakafuni mpaka juu. Upande wa Kongo.

— Wa Kongo! Nilijua! Asubuhi jua iko yetu, inapita na adabu. Ikifika mchana inavuka mpaka, inaanza kutupiga kutoka kule. Hiyo jua iko na kibali? Nani aliipigia muhuri?

Sosthène aliweka kikombe chini kama mtu anayeweka sheria mezani.

— Afande, pole. Asubuhi yote, hiyo jua ni ninyi munatutumia. Inatoka kwenu, inachoma batu ya kwetu Kasindi, banavumilia. Sasa inabageukia ninyi kidogo tu, munalia. Mukuki kwa nguruwe...

— Nguruwe gani tena? Gorret aliuliza akimimina.

— Iko mezali, mama.

— Sawa. Lakini Digrii, nani alikuambia uweke kioo yote upande huo?

Hapo nilitamani birika linimeze.

— Ramani niliitoa mtandaoni. Ilisema madirisha mapana yakaribishe jua la kipupwe.

— Kipupwe iko nani? Afande alidai, kama anayeuliza jina la mfungwa.

— Iko nyama? Sosthène akasema. Kwetu Butembo hatuna.

— Ni majira ya baridi.

— Baridi ya wapi?

— Ya walikoichora. Kwenye theluji.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilisomea jiografia, jamani, chuo kikuu. Ikweta inapita hapo karibu na Kikorongo, wazungu wanasimama kupiga nayo picha, na mimi nimefungua ukuta mzima kulipokea jua la kipupwe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Bright akasema kwa huruma. Ndiyo hiyo. Ulikaribisha mgeni, sasa mwenyeji hatapona.

— Kamuflaji! Afande akaamuru. Paka matope kioo yote. Jua ikija inaona ukuta, inarudi kwao. Asiyesikia la mkuu huvunjika kioo.

— Mutu anatoka hopitali, munamufungia mu kaburi? Sosthène alisema. Hapana. Tunachukua vitenge zangu, tunazilowesha, tunatundika ku madirisha. Rido, pazia ya maji! Upepo ikipita inakuwa baridi, inakuwa na unyevu. Na vitenge zangu hazitoki rangi.

— Hazitoki? Gorret akashusha birika. Ile ya Krismasi ilinipaka bluu mpaka mgongoni.

— Ile ilikuwa jasho, mama. Jasho ya Uganda iko kali sana.

Bright alikuwa ameinamia simu.

— Hapa wanasema chumba kikavu kinataka mashine ya mvuke. Kama huna mashine, weka kitu kinachopumua.

— Kama maua? nikauliza.

— Maua inapumua pole pole. Mbuzi. Weka mbuzi wanne kwa chumba ya mama, asubuhi ukuta unatoka maji.

— Na harufu?

— Mtaka cha uvunguni huinama.

— Mbuzi iko kidogo, Afande akasema. Ng'ombe.

— Kama ni mvuke, Sosthène akahitimisha, tutoe kiboko moja mu ziwa, tuimalize hii maneno.

— Hapana! Afande alishasimama. Nyumba yenyewe. Tunachimba chini, tunainua, tunaigeuza. Nyumba! Kushoto, geuka!

Na mimi, msomi, nikajikuta nauliza tutahitaji jeki ngapi.

Bodaboda ikasimama mbele yetu. Mama. Miwani myeusi, leso kichwani, mfuko wa nguo mapajani; hospitali walimruhusu mapema. Afande alivua kofia, akamwamkia kwa Kikonzo.

— Wasibire, mama.

Akaitikia, kisha akanigeukia.

— Nimepitia kwako. Nimegusa kile kioo. Ni sufuria.

— Mama, ndiyo tunapanga hapa. Hawa wote wanajua mambo ya nyumba.

— Wote wana nyumba?

— Wote, mama, walisema kwa pamoja.

— Basi kwa jua hili lote, mbona hakuna hata mmoja aliye kwake?

Afande aliitazama Kongo. Sosthène alitafuta neno kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kifaransa, akarudi kwenye kahawa. Bright aliliandika swali kwenye simu, na simu ikazunguka, ikazunguka. Gorret akapangusa kikombe kilichokuwa kikavu.

Mama alimgusa bega dereva wake. Mimi nikashika mfuko, maana nilijua neno linalofuata ni Bugoye.

— Shusha mzigo, mwanangu.

— Huendi kwa mjomba? nikauliza.

— Kwa kaka yangu ni baridi, lakini hawaongei. Hapa nimesikia habari za kiboko tangu kwenye kona. Nisogezeeni.

Benchi halikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Wanaume watatu wakanitazama mimi, mwenye madirisha. Nikainuka, mama akaketi kivulini, nami nikasimama juani.