Mzazi wa Austine

Foleni ya basi pale mtaa wa Tena haikuwa inasogea, kwa hivyo tulisikia yote. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa akisoma kwenye simu habari za wiki za chuo kikuu cha Kikatoliki: misa ya Jumatano, kwaya, siku ya wazazi. "Mtoto wako anasoma huko?" mzee mmoja akamuuliza.

"Austine alisoma huko. Tulimzika Agosti."

"Pole, mama. Si uwaambie waache kukutumia?" Kwa ushauri, hatujambo.

"Majirani siku hizi wananiita Mama Celine, jina la mdogo wake, ati nisiumie. Ni hawa tu bado wanaandika, 'Mpendwa mzazi wa Austine.'"

"Lakini hiyo inaandikwa na kompyuta, mama."

"Najua."

Basi likafika. Tukampita akiwa bado anasoma saa za kufungua maktaba.