Banda Hili ni la Wasichana

Sogeeni karibu, wanangu. Kimeli, keti hapo miguuni, Chepkoech niinulie mto, na wewe Seline, binti wa shemeji yangu, futa machozi, kwa maana mwalimu mkuu mzee kama mimi akiaga huku anacheka, hajaonewa na mtu.

Kwanza banda. Marehemu baba yenu alilijenga la kuwekea mahindi. Serikali ilipoleta mtaala wa 8-4-4 na kusema watoto wafunzwe ufundi, nikaona wasichana wangu wa shule wanasukumwa kwenye sindano na sufuria tu, nikakataa. Nikayahamisha magunia, nikaingiza humo meza, koleo na nyaya za stima. Shemeji Kipyego, mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama mkutanoni: "Mama Kimeli, msichana na stima wapi na wapi? Akirushwa, nani atamuoa?" Nikamwambia, "Shemeji, hata moto wa jikoni unachoma, na bado mnatutuma huko kila siku." Wazazi wakacheka. Yeye akanuna, akaacha kunisalimia hata kanisani.

Lakini chema chajiuza. Wasichana wakaunda kengele ya stima, tuache kugonga rimu ya trekta, na siku ya wazazi nikamwita Kipyego mwenyewe aibonyeze. Akanyoosha kidole, uso kaugeuzia kando kama anayeogopa kuumwa. Ikalia, wanangu! Ng'ombe wake wakaruka ua, kijiji kizima cha Yamumbi kikatoka nje. Akabonyeza tena, na tena, mpaka tukamshika mkono. Muhula uliofuata alikuja amebeba sanduku la binti yake: "Shemeji, huyu naye mfundishe hiyo kitu." Ndiwe Seline, na leo unafundisha ufundi humo humo.

Basi sikilizeni. Kimeli, shamba la upande wa mto ni lako. Ng'ombe gawaneni na dada yako bila kelele, maana ndugu wakigombana jirani hunenepa. Banda na uwanja wake ni vya shule. Usilime mpaka mlangoni, Kimeli, nakujua! Kipyego akija kunizika, mpeni kiti cha mbele na mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, yaliyoiva. Mimi na yeye tulishapatana.

Mungu awape mikono isiyoogopa kujaribu... awape watoto wanaouliza maswali... Chepkoech, shusha mto kidogo... hapo. Pumzi imekuwa fupi.

Seline, bado uko hapa? Wasichana wanakungoja darasani. Nenda, mama... nenda ukafundishe.