Hewa Iliyomrudisha Baba Leokadia

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Asanteni kwa kunipokea mimi mgeni wenu kutoka Mapera, huko juu milimani. Na huyu aliyekaa benchi la pili, anayeinamisha kichwa kwa aibu, ndiye mume wangu, Baba Leokadia. Mtazameni vizuri. Mwaka jana nilikwisha kumlilia kama marehemu.

Ninyi wa huku ziwani hamjui baridi yetu ya mwezi wa saba. Manyunyu hayakatiki, na kahawa tuliyoiosha haikauki. Isipokauka inavunda, jasho la mwaka mzima limepotea. Basi tunaiingiza ndani, tunaitandaza kwenye majamvi, tunawasha mkaa. Na Baba Leokadia anaipenda kahawa yake kuliko anavyonipenda mimi, msimtetee! Mchana ule aliweka majiko mawili chumbani, akaziba dirisha kwa magunia ili joto lisitoke, akafunga mlango, akaketi humo kuigeuza. Moshi haukuwepo, kwa hiyo hakuona hatari. Mimi nilikuwa kwa jirani, kwenye sala ya jumuiya.

Niliporudi niliita, kimya. Kusukuma mlango, nikamkuta amelala kifudifudi juu ya kahawa. Nilimshika miguu nikamburuta hadi uani, huku nikimwita Mama wa Yesu kwa Kimatengo na kwa Kiswahili. Mzee Bakari mwenye duka alisikia, akaleta gari lake. Yeye ni Mwislamu, na njia nzima hadi Mbinga alimwomba Mungu kwa namna yake, nami kwa namna yangu.

Hospitalini muuguzi alimvisha barakoa ya oksijeni, kisha akanieleza kwa upole. Pumzi tunayovuta inaingia mapafuni, damu inachukua oksijeni iliyomo, na moyo unaisukuma damu hiyo mpaka kichwani, mpaka kwenye vidole vya miguu. Lakini mkaa ukiwaka chumba kimefungwa unatoa gesi isiyo na harufu, nayo inakalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kumbe moyo wa mume wangu ulikuwa unapiga mbio, na damu inafika kwenye viungo mikono mitupu. Nilimhurumia mno. Moyo mchapakazi kama mwenyewe!

Nikashika rozari, nikawa natazama kifua chake kikipanda na kushuka. Jua lilipokaribia kuzama alifumbua macho, akasogeza barakoa, akasema, "Mama Leokadia, kahawa umeigeuza?"

Nilicheka huku nalia. Nikamwambia, "Kahawa ivunde yote. Wewe pumua."

Na kweli ilivunda, ikanuka nyumba nzima, nami nilimshukuru Mungu katikati ya harufu ile.

Siku hizi mkaa wetu unawaka nje tu. Nawasihi, msijifungie ndani na jiko hata kwa dakika chache. Na wewe unayedhani Mungu amekusahau, weka mkono kifuani sasa hivi. Unausikia moyo wako? Hukuuamuru upige, na hata ukilala hauachi. Aliyeuanzisha kabla hujajua kuomba, mtumaini Yeye.

Baba Leokadia, weka na wewe mkono, mume wangu. Ngoja, nakuja niuweke na wangu hapo hapo.